Street Fighter II, ile katuni ya 1994: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiitaja filamu hii, iliyotokana na gemu ya kupigana, mbele ya watu waliokulia kwenye vibanda vya gemu, maswali huwa yale yale, na karibu kila mara huanza na Van Damme. Nimeamua kuyaweka pamoja ili niache kujirudia. Nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyokubali mbele ya mke wangu, kwa hiyo usitegemee nisiwe na upande. Na tahadhari mapema: hapa nasimulia mpaka mwisho. Kama hupendi kuhadithiwa mkanda kabla hujauona, kauone kwanza halafu urudi.

Hii si ndiyo ile ya Van Damme?

Siyo. Ile ya Van Damme waliigiza watu, hii ni ya kuchorwa. Watu wanazichanganya kwa sababu zote mbili ni za 1994. Ya katuni ilitangulia, Agosti, huko Japani. Ya Van Damme ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi. Hollywood walimfanya Guile, mwanajeshi wa Marekani, kuwa steringi kwa kuwa ndiye aliyechezwa na Van Damme, na Ryu na Ken, wenye mchezo wao, wakageuzwa matapeli wanaouza silaha bandia. Nilipoiona mara ya kwanza nilinuna wiki nzima. Ila Raúl Juliá namvulia kofia. Alicheza adui mkuu akiwa mgonjwa, akafariki Oktoba 24 mwaka huo, filamu haijatoka bado, na hakuna sehemu hata moja anayoonekana kufanya kazi kwa kulazimishwa.

Nani waliitengeneza hii ya katuni?

Gemu ni ya Capcom, kampuni ya Osaka. Uchoraji ulifanywa na studio ya Group TAC, maumbo ya wahusika yakachorwa na Shūkō Murase, na mwongozaji ni Gisaburō Sugii.

Huyo Sugii ndiye mtu wa kumtazama. Hakuwa mtu wa filamu za ngumi. Alianza kazi enzi zile katuni za televisheni zinazaliwa Japani, miaka ya 1960, na mwaka 1985 aliongoza filamu ya taratibu kabisa, yenye paka wanaosafiri kwa garimoshi katikati ya nyota, karibu wote kimya, wakiwaza kifo. Mtu wa namna hiyo akapewa gemu ya kuchapana. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini ndani ya filamu ya makonde kuna upepo mwingi, barabara tupu, na watu wanaokaa wakitazama mbali bila kusema kitu.

Ni lazima niwe nimecheza gemu yenyewe?

Hapana, lakini ukiwa umecheza kuna raha ya ziada.

Street Fighter ya kwanza ilitoka 1987 na haikutikisa sana. Ya pili, ya 1991, ndiyo iliyolipua vibanda vya gemu dunia nzima, na toleo lake la kuchezea nyumbani kwenye mashine ya Super Nintendo, lililotoka 1992, liliuzwa nakala milioni 6.3. Mtaani kwetu ilitufikia kwa kuchelewa, kwenye kibanda cha mabati chenye televisheni moja na pedi mbili, moja kibonyezo chake cha kushoto kimekufa. Aliyepata pedi mbovu alichagua Guile, kwa sababu Guile unaweza kukaa naye umejikunja pembeni ukisubiri mwenzako akosee. Mwenye pedi nzima alichukua Ryu: kidole gumba kinateleza chini, kinakuja chini-mbele, kinamaliza mbele, papo hapo unabonyeza ngumi. Kama kidole kimeteleza vizuri, mpira wa buluu unatoka mikononi. Kama hakikuteleza vizuri, Ryu anarusha konde la hewa, watu wanacheka, na shilingi zako zinaondoka.

Filamu imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye hicho kidole gumba. Lakini mama yangu mkubwa, ambaye hajawahi kushika pedi, aliikalia mpaka mwisho na kumwombea Chun-Li, yule mpelelezi wa kike, kwa sauti.

Hadithi yenyewe inahusu nini?

Kuna genge la wahalifu duniani linaloitwa Shadaloo (Wamarekani waliliandika Shadowlaw), na mkuu wake ni M. Bison, mtu wa kofia na koti jekundu mwenye nguvu za akili. Bison anateka wapiganaji hodari, anawavuruga akili na kuwageuza wauaji. Karibu na mwanzo wa filamu tunamwona Cammy, msichana wa Kiingereza, akimuua waziri wa Uingereza hapo London mbele ya walinzi. Akikamatwa, hakumbuki kitu.

Ili apate wapiganaji wengine, Bison ametawanya maroboti yenye sura za watu duniani kote. Yanasimama kwenye umati, yanatazama watu wakipigana, yanawapima na kutuma taarifa makao makuu. Anayetafutwa kuliko wote ni Ryu, Mjapani mzururaji asiye na makazi wala simu. Ryu hapatikani. Roboti moja linamwona Ken huko Seattle, Marekani, akimshinda mpiganaji mwingine, T. Hawk, na vipimo vinaonyesha nguvu zake zinakaribiana na za Ryu. Haishangazi, hao wawili walifundishwa na mwalimu mmoja tangu ujana. Basi Bison anamchukua Ken badala yake.

Upande wa pili wapo Chun-Li wa Interpol na Guile wa jeshi la anga la Marekani. Kila mmoja ana kisasi chake: Bison alimuua baba wa Chun-Li na rafiki wa Guile. Mwanzoni Guile hataki hata kufanya kazi na mtu. Mambo yote yanakuja kukutana Asia, milimani, pale Ken anapoletwa amtoe roho rafiki yake.

Ndiyo hadithi yote. Ni dakika zisizozidi mia moja na chache, na wahusika ni wengi, kwa hiyo kuna ambao wanapita tu kama abiria wa daladala: Dee Jay, kwa mfano, ukipepesa macho umemkosa.

Mbona hakuna mashindano kama kwenye gemu?

Kwa maoni yangu hapo ndipo walipopatia. Filamu nyingi za gemu za kupigana hung'ang'ania mashindano: mtu wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne, unajua kabisa nani atafika fainali. Hapa watu wanapigana kwa sababu wamekutana. Honda na Dhalsim wanapambana Calcutta mbele ya wacheza kamari. Blanka na Zangief wanapambanishwa Las Vegas kama majogoo, matajiri wakitazama. Fei Long, mwigizaji wa filamu za Hong Kong, anataka tu kumjua huyu mgeni Ryu ana nini.

Halafu wale maroboti ndio wenye akili kuliko vyote. Linasimama pembeni, halipigani, linaangalia na kuhesabu. Ukifikiri vizuri, hilo ndilo wewe ulilokuwa unafanya kwenye kibanda ukisubiri zamu yako.

Kwa nini ngumi za filamu hii zinauma hivi?

Nilitamani mtu aniulize hili. Watu wengi husema "imechorwa vizuri" wakaishia hapo. Sababu iko wazi zaidi: watengenezaji walileta wapiganaji wa kweli. Kazi ya kupanga mapigano ilimhusisha Kazuyoshi Ishii, mwanzilishi wa mashindano ya ngumi na mateke ya K-1 yaliyoanza Japani 1993, pamoja na Andy Hug, karateka wa Uswisi aliyekuwa akipigana kwenye mashindano hayo.

Hug alikuwa mtu mfupi kwa viwango vya uzito wa juu, na silaha yake ilikuwa teke la shoka: mguu unapanda wima mpaka juu ya kichwa cha mpinzani, halafu kisigino kinashuka kama mtu anayepasua kuni. Alichukua ubingwa wa K-1 mwaka 1996. Alifariki Tokyo mwaka 2000 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 35, na Wajapani walimlilia kama mtoto wao.

Sasa rudi kwenye filamu utazame miguu, acha mikono. Kwenye katuni za kawaida mpiganaji anaruka, anapiga, anatua, kana kwamba ardhi haipo. Hapa kabla ya konde kutoka unaona kisigino kikizunguka, nyonga ikifuata, bega likija mwisho. Akipigwa mtu wa kilo mia na ushee, haruki mita kumi nyuma. Anajikunja pale alipopigwa, goti linalegea, ndipo anarudi nyuma. Ukishaona hivyo mara moja, mapigano ya katuni nyingine yanaanza kuonekana kama watu wa karatasi.

Pambano la kufungulia filamu linatosha kuwa somo. Ni usiku, uwanja wa nyasi, radi na mvua, Ryu na Sagat peke yao. Sagat ni Mthai wa ngumi-mateke, jicho moja limefungwa, kimo chake kinamfunika Ryu kabisa. Wanatupiana mateke ya mapaja yanayosikika. Ryu anamchana kifua kwa ngumi ya kupanda juu. Sagat anaona damu yake mwenyewe, anapandwa na hasira, anakuja mbio kama nyati. Ryu hakimbii. Anashusha viganja vyake ubavuni, anavikusanya, anavuta pumzi, na wachoraji wanakuweka hapo, wanakusubirisha, mwanga unajaa katikati ya vidole. Gemu inakupa kile kitu kwa robo ya sekunde. Filamu inakufanya ukidai.

Na baada ya hapo hawakirushi ovyo. Kwenye gemu mpira ule unatoka kama njugu. Kwenye filamu kila ukitoka umelipiwa.

Pambano lipi ni bora kuliko yote?

Ukiniuliza mimi: Chun-Li na Vega, yule Mhispania wa kinyago, nyumbani kwa Chun-Li.

Watu watakwambia ni la mwisho. La mwisho lina mwanga mwingi na milipuko, ni zuri. Lakini la Chun-Li liko ndani ya chumba, na chumba ni kitu cha hatari. Ametoka kuoga, amevaa shati, nywele hazijafungwa. Tumeshamwona Vega akiingia, yeye hajamwona. Guile yuko njiani anajaribu kumpigia simu kumwonya. Halafu makucha ya chuma yanatokea gizani.

Hakuna uwanja hapo, kuna makochi, milango, kuta na vioo. Vega ni mwepesi, ana silaha, na ana kiburi cha mtu anayejiona mzuri wa sura kuliko binadamu wote. Chun-Li anachanwa mara kadhaa. Damu inaonekana kwenye shati, na kila baada ya jeraha anakuwa mzito kidogo. Wachoraji hawajamsahaulisha maumivu. Anatumia kilichopo: kochi linakuwa silaha. Mwishoni anampata karibu na ukuta, na yale mateke yake ya mfululizo, ambayo kwenye gemu ni kubonyeza kibonyezo kimoja haraka haraka mpaka kidole kiote sugu, yanakuja yote pamoja. Ukuta unapasuka, Vega anatoka nao nje, ghorofani.

Kisha Chun-Li naye anadondoka. Steringi ameshinda, na bado Guile anamkuta sakafuni hajitambui. Kwa sehemu kubwa iliyobaki yuko hospitalini. Miaka ile sikuwa nimezoea kuona mwanamke akimpiga adui peke yake bila mwanamume kuingia kumsaidia, na kibanda kizima tulinyamaza.

Mbona kwenye nakala yangu majina ni tofauti? M. Bison ni nani hasa?

Vuta kiti. Kwenye gemu ya Kijapani, yule bondia mweusi wa Marekani aliitwa M. Bison. Alifanana mno na Mike Tyson, jina na sura. Tawi la Capcom la Marekani likaogopa kushtakiwa, wakazungusha majina matatu ili wasichore upya. Bondia akaitwa Balrog, jina lililokuwa la Mhispania wa makucha. Mhispania akapewa Vega, jina lililokuwa la mkuu wa genge. Mkuu wa genge akabaki na M. Bison.

Kwa hiyo ukisikiliza filamu kwa Kijapani, mwenye kofia nyekundu ataitwa Vega. Kwa Kiingereza ataitwa Bison. Maandishi ya chini yakiwa ya Kiingereza na sauti ya Kijapani, utaona jina moja ukisikia jingine. Mashabiki waliochoka na mvutano huo husema tu bondia, makucha na dikteta, wanaelewana. Humu natumia majina ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo yaliyofika kwetu. Rafiki wa Guile aliyeuawa naye ni hivyo hivyo: Nash kwa Wajapani, Charlie kwa Wamarekani.

Hadouken maana yake nini?

Ni ule mpira wa buluu wa Ryu. Kijapani, takriban "ngumi ya mawimbi". Shoryuken, ngumi yake ya kupanda juu, ni "ngumi ya joka anayepanda". Mtaani kwetu tulisema "adugeni" na hakuna aliyelalamika.

Nimesikia Akuma yumo. Mbona sijamwona?

Yumo, na ni wa kumtafuta. Akuma aliingia kwenye gemu 1994 hiyo hiyo kama mpiganaji wa siri, kwa hiyo nao filamuni wakamficha. Itazame sehemu ya Calcutta, wakati Honda na Dhalsim wanapambana, kisha uache kutazama pambano na uangalie watu walio pembeni. Nywele zile nyekundu zilizosimama hazijifichi. Haongei, hapigani, hatajwi. Ukimhesabu, wapiganaji wote 17 waliokuwa kwenye gemu wakati huo wamo: wanane wa mwanzo, mabosi wanne, wanne walioongezwa 1993, na yeye.

Na Elena wetu wa Kenya?

Hayumo, hakuwa amezaliwa. Capcom walimleta Elena mwaka 1997 kwenye Street Fighter III, binti wa Kenya mwenye nywele nyeupe anayepigana kwa miguu tu. Mtindo wake ni capoeira, wa Brazil, wenye mizizi kwa watumwa waliotolewa Angola, na jinsi ulivyomfikia Mkenya ni habari ya kuwauliza Osaka. Filamu hii haina Mwafrika wa kutoka Afrika hata mmoja. Dee Jay ni wa Jamaika, bondia ni wa Marekani.

Kwa nini nakala ya Kiingereza ina muziki wa magitaa, na ya Kijapani ina nyimbo laini?

Kwa sababu ni kazi mbili tofauti. Walipoipeleka Marekani waliondoa muziki wa awali, wakaagiza mwingine kwa Cory Lerios na John D'Andrea, na juu yake wakaweka bendi za roki zilizokuwa zikivuma: Korn, Alice in Chains, Silverchair, KMFDM.

Ya Kijapani ilisimamiwa na Tetsuya Komuro na Yuji Toriyama. Komuro wakati ule kila alichogusa kiliuza. Wimbo alioutunga kwa filamu hii, ukaimbwa na Ryoko Shinohara, uliuza nakala zaidi ya milioni mbili Japani, kiasi ambacho mwimbaji wa kike wa peke yake hakuwa amekifikia kabla yake kwa wimbo mmoja. Wapo Wajapani wanaoujua wimbo mwanzo mpaka mwisho na hawajui kama kuna filamu.

Niangalie kwa sauti ipi basi?

Mara ya kwanza, Kijapani na maandishi ya chini. Ryu wa Kijapani ni mkimya kweli, na ukimya ule ndio filamu yenyewe. Mara ya pili, Kiingereza, ufungulie sauti juu, kwa sababu roki ya miaka ile na mateke vinaelewana sana. Jihadhari tu: baadhi ya nakala za Kiingereza zimekatwa, hasa sehemu ya Chun-Li bafuni na damu.

Sisi wengine tuliiona kwa njia ya tatu, kanda iliyonakiliwa mpaka rangi ikawa ya chai, na kijana wa kibanda akitutafsiria kwa kupaza sauti juu ya mashine. Kijana huyo alimwita Bison "Mzee wa Kofia". Mpaka leo nikimwona, jina hilo ndilo linalonijia.

Naweza kuangalia na watoto?

Wadogo hapana. Watu wanadhani katuni ni ya watoto, wanaiwasha sebuleni halafu wanaanza kurukia rimoti. Kuna mauaji ya waziwazi, kuna damu, na katika nakala kamili Chun-Li anaonekana bila nguo kwa muda mfupi. Hiyo sehemu ya bafuni sijawahi kuielewa. Haina faida yoyote kwa hadithi, na pambano linalofuata lingekuwa kubwa vilevile bila hiyo. Kijana wa sekondari ataiweza, ukikaa naye.

Kitambaa chekundu cha kichwani cha Ryu kinatoka wapi?

Filamu ndiyo iliyokijibia. Ken anapomshambulia Ryu akiwa amevurugwa akili, Ryu hataki kumrudishia. Anapigwa, anaanguka, anasimama, anamwita jina. Katikati ya kipigo hicho tunarudishwa nyuma, ujana wao, siku za mazoezi. Ryu ameumia kichwani, anavuja damu. Ken, ambaye siku zile alikuwa na nywele ndefu zilizofungwa kwa utepe mwekundu, anaufungua utepe wake na kumpa aufunge.

Kwa hiyo kile kitambaa ambacho ulikiona kikipepea kwenye gemu miaka yote ukidhani ni pambo la karate, ni utepe wa nywele wa rafiki yake. Na wakati unaonyeshwa hivyo, huyo rafiki yuko juu yake anamvunja mbavu. Kumbukumbu hizo hizo ndizo zinazomrudisha Ken. Hakuna dawa wala mtambo.

Capcom walilipenda wazo hilo, wakalichukua. Kwenye gemu za Street Fighter Alpha, zilizoanza 1995 na kusimulia ujana wa wapiganaji, habari ya utepe imo.

Kwa hiyo filamu ilibadilisha gemu?

Ndiyo, na si kwa utepe peke yake. Alpha ya kwanza ina sehemu ambapo wachezaji wawili, mmoja Ryu mmoja Ken, wanapigana kwa pamoja dhidi ya Bison mmoja. Ni pambano la mwisho la filamu hii limerudishwa kwenye pedi: Bison amemshinda Guile, amemdhalilisha kwa kumwacha hai kama mtu asiyestahili kuuawa, kisha Ryu na Ken wanasimama bega kwa bega, wanambadilishia makonde, na wanamaliza kwa mipira miwili ya nguvu iliyotoka kwa pamoja.

Pia mwaka 1995 ilitoka Japani gemu ya PlayStation na Saturn iliyotengenezwa kwa vipande vya filamu yenyewe. Humo huchezi kama Ryu. Unacheza kama roboti la Bison, unatazama mapigano na kukusanya vipimo. Wazo zuri, gemu ya kuchosha.

Kuna mwendelezo?

Wa moja kwa moja hakuna. Mwaka 1995 Sugii na Group TAC walitoa tamthilia ya televisheni ya vipindi 29, Street Fighter II V, yenye Ryu na Ken wadogo wakizurura duniani. Hiyo ni hadithi nyingine, usijaribu kuiunganisha. Group TAC wenyewe walifilisika 2010.

Chun-Li anakufa?

Hafi. Ila Guile anaingia wodini akamkuta amefunikwa shuka mpaka kichwani, na anaanza kuongea naye kwa uchungu. Shuka inaondolewa, kumbe mtani yuko hai anacheka. Nusu ya kibanda walimtukana.

Na lile lori la mwisho? Bison si amekufa?

Ndege yake ililipuka na tuliona mlipuko. Mwili hatukuonyeshwa. Ryu na Ken wanaagana barabarani, Ken anaondoka kwa gari, Ryu anatembea kwa miguu na begi lake begani kama kawaida. Lori kubwa linakuja nyuma yake kwa kasi, na aliyeshika usukani ni Bison, amevaa kofia ile ile. Ryu anageuka, anaruka kulikabili, na picha inaishia hewani.

Nimeshawahi kuirudisha nyuma kanda ile sekunde kwa sekunde nikitafuta kama konde linafika. Halifiki. Mwenye kibanda alinidai hela ya mkanda mwingine kwa kumchakazia mashine, nikalipa.